Siku niliyoipoza bahari

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia kwenye choo cha maabara na sitoki.

Unakikumbuka kile kipande cha matumbawe nilichokusumbua nacho mwaka mzima? Kirefu kama mkono, kila tabaka ni mwaka mmoja, jipya juu ya la zamani. Nakwangua unga, napima madini ya strontiamu. Ikizidi, ujue mwaka huo maji yalikuwa baridi.

Basi leo nimesimama mbele ya idara nzima nikatangaza, tena kwa madaha, kwamba bahari imekuwa ikipoa kwa miaka themanini. Watu wakapiga makofi. Msimamizi wangu akavua miwani akaifuta.

Nyuma kabisa alikaa yule mzamiaji aliyekitoa kipande chenyewe mwambani kwa kutoboa. Akanyoosha mkono taratibu. "Dada, hiyo ncha yenye ukijani, unayosema ni ya enzi za babu zetu, si ndipo nilipoanzia kutoboa? Palikuwa hai bado."

Palikuwa hai bado. Yaani ni juzi tu.

Nimekisoma kichwa chini miguu juu. Mwaka mzima. Na mshale wa kuonyesha juu ni wapi nilichora mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, kwa kujiamini.

Msimamizi akasema neno moja tu: "Kigeuze."

Nikageuza grafu mbele yao. Vipimo vyote viko sawa, shahada sijaipoteza. Ila mstari wa joto la bahari sasa unapanda tu, unapanda.

Nilijiandaa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Wakati wa kutoka mzamiaji akanivuta pembeni.

"Dada, nisamehe. Ningejua kikigeuzwa kitasema hivyo, ningenyamaza."