Sikukususa: Ujumbe Wako Ulififia Dukani

Nyumba ya tatu kutoka kinu cha kusaga,
Nyuma ya Soko la Zamani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku,

Salamu nyingi, nyingine nimezikunja ili zienee kwenye karatasi hii. U hali gani? Na miguu je, imepungua kuvimba au bado? Na huyo aliyemo tumboni, anacheza? Anapiga teke? Akipiga mwache apige, ni wa ukoo wetu huyo, hatukuumbwa kukaa kimya. Mume wetu naye hajambo? Mwambie mke wake mkubwa anamsalimu.

Sisi hapa ni wazima. Mimi magoti yanalia nikiinuka, lakini yakishalia yananyamaza na kazi inaendelea. Baba yako hajambo. Mama yako hajambo, macho tu ndiyo yamevimba, na sababu utaisikia.

Sasa kaa chini. Ah, nimesahau, daktari amekuamuru ulale. Basi lala vizuri, weka mto mgongoni, unisikilize.

Nimeambiwa unasema bibi yako kakususa. Eti uliniandikia neno zito kwenye lile baraza la familia la kwenye kompyuta, ukaona chini yake pameandikwa "imesomwa", ukangoja jibu, jibu hakuna. Ukalia. Kisha ukanifungia mlango kule barazani, na sasa kila ninachokuandikia kinarudi kama mtoto aliyetumwa kwenye nyumba isiyo na watu. Simu hupokei. Chiriku! Tangu lini mimi nikamsusa mtu kimyakimya? Mimi nikikususa utajua, na majirani zako watajua. Nitapanda basi nije mpaka mlangoni kwako kukususa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa na kompyuta tatu na watu watatu wenye adabu kupita kiasi.

Ngoja nikueleze, maana nisipoeleza utadhani ni uongo wa mzee.

Unakumbuka ulivyotufungulia lile baraza kabla hujaondoka, kwa sababu mimi kwenye simu sisikii, napiga kelele tu mtaa mzima unajua habari zetu. Ukasema, "Bibi, wewe andika, mimi nitasoma." Nami shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo ya maji. Herufi nimejifunza ukubwani kwenye magunia ya unga, na mpaka leo neno ninaloliandika vizuri kuliko yote ni "kilo". Lakini kwa ajili yako nilijikaza, kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Kila mtu ulimpa jina lake na neno lake la siri. Baba yako la kwake akalisahau siku hiyohiyo. Mama yako la kwake alilitunza vizuri sana, hadi leo hajui alilitunza wapi. Likabaki langu. Basi kompyuta ya nyumbani inaingia kwa jina la Bibi, ya baba yako kwenye duka la kushonea inaingia kwa jina la Bibi, na ya mama yako kule duka la dawa nayo Bibi. Nikawa mwenye nyumba tatu, na kodi silipwi.

Mwanzoni kila kompyuta ilikuwa na akili zake. Ujumbe mpya unakuja umekolea, maandishi meusi mazito. Ukishausoma unafifia. Nikisoma nyumbani unafifia hapo nyumbani tu. Nikienda kumpelekea baba yako chakula, nakuta dukani kwake ujumbe uleule umekolea upya, nami mtu akisema ameumia simwachi bila pole. Mjomba wako aling'olewa jino. Nikampa pole nyumbani, nikampa pole pembeni ya cherehani, nikampa pole katikati ya chupa za dawa ya kikohozi, na wazazi wako nao wakampa pole kwa jina langu. Mjomba akaandika mbele ya ukoo mzima, "Mama, lilikuwa jino, si mguu." Na shangazi yako, huyu tunayemwita Redio, alipotangaza kwamba mbuzi wake kazaa mapacha, tulimpongeza mpaka akauliza kama tunataka kitoto kimoja. Nikasema ndiyo. Hajaleta mpaka leo.

Ndipo baba yako akaleta fundi wa kompyuta. Akabofya hapa, akabofya pale, akazifuata na zile nyingine kwenye maduka, akarudi kifua mbele.

"Mama, nimeziunganisha. Sasa ukisoma kwenye moja, zote zinajua."

Zilijua kweli. Asiyejua akabaki mimi.

Maana baba yako unamfahamu, yule ni mtu wa kufungua. Hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha. Utotoni alifungua mpaka saa ya marehemu babu yako, kuifunga ndiko kukamshinda. Pale dukani mteja anapimwa kiuno, mkono wake mmoja uko kwenye tepu, wa pili uko kwenye kompyuta, unafungua kila kilichokolea. Ukimuuliza, "Napitia tu, Mama." Anapitia! Jioni mimi navaa miwani, nakaa, natazama, yote yamefifia kama chai ya majani ya jana. Nikawa najiambia, basi nimeshasoma. Sikumbuki, lakini nimeshasoma.

Nikaanza kuogopa, Chiriku. Sikumwambia mtu. Nilidhani kichwa kimeanza kuvuja. Nilikuwa nakaa jikoni nawataja wajukuu wangu mmoja mmoja, nione kama yupo aliyedondoka. Wewe hukudondoka hata mara moja.

Ujumbe wako ukaja katikati ya hali hiyo. Juu yake umeandika, "Kwa Bibi tu." Baba yako akaufungua akiwa na pini mdomoni. Yeye huwa anafungua kwanza, anaangalia baadaye. Kuangalia, akaona hayo maneno matatu. Na baba yako, pamoja na kasoro zake zote, nimemlea: akafumba macho! Akaufunga bila kusoma hata salamu. Lakini kompyuta haimjui mtu aliyefumba macho. Yenyewe ikaandika "imesomwa", ujumbe ukafifia kila mahali, na wewe huko ukaona bibi kasoma.

Mama yako kule duka la dawa akauona umefifia. Akasema moyoni, Mama ameshasoma, basi wana siri yao na mwanangu. Hakuugusa. Akanuna.

Mimi nami nikauona umefifia. Utauliza kwa nini sikuufungua tena. Niliogopa. Niliona kwamba nikiufungua nikakuta maneno ya mjukuu wangu ambayo nimeshayasoma na sikumbuki hata moja, basi nitakuwa nimejua kwa hakika kwamba kichwa kimekwisha. Nikazima kompyuta nikaenda kuchambua mchele.

Sasa ona nyumba ilivyokuwa. Baba yako ananimiminia chai bila kuombwa, ananitazama kwa jicho la pembeni, anangoja nimwambie siri. Mimi nadhani ameona akili zinaniaga, ananihurumia. Nikamwambia, "Lete birika nijimiminie, sijafa." Mama yako anageuza mboga huku anaisemesha sufuria, "Kuna watu humu ndani wana mambo yao ya sirisiri." Mimi nadhani ananisema kwa ile sukari ninayojiongezea akigeuka. Nikaacha sukari bure! Watu watatu chini ya paa moja, tumenuniana kwa ajili ya ujumbe ambao kila mmoja anaamini mwenzake kausoma, kumbe hakuna aliyeusoma.

Juzi Ijumaa Redio akaingia bila hodi, viatu mkononi.

"Mama, umemfanya nini Chiriku? Anasema umeona neno lake ukamkaushia."

"Neno gani?"

Mama yako akaacha kukata vitunguu. "Si lile la siri, Mama? Si mlikuwa mnanificha?"

"Nikufiche nini, na mimi mwenyewe sikijui?"

"Lakini limesomwa!"

"Limesomwa na nani?"

Tukageuka wote. Baba yako alikuwa ameshika mlango, mguu mmoja uko nje tayari.

"Mimi sijasoma," akasema. "Nilifungua tu."

"Umefungua, hukusoma?"

"Liliandikwa kwa Bibi tu, Mama. Nikafumba macho."

"Na mdomo nao ukaufumba?"

"Ulikuwa na pini."

Redio alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Mama yako alimrushia mumewe kitunguu, kikampata. Mimi sikucheka kwanza. Unajua nilichohisi? Furaha. Kichwa changu kizima! Nikamwambia baba yako, "Wewe mtoto umenizeesha kabla ya siku zangu." Kisha nikavaa miwani, nikawafukuza wote sebuleni, nikausoma ujumbe wako neno kwa neno.

Chiriku mwanangu. Furaha yote ikaisha. Umeandika kwamba daktari amekukataza kusimama mpaka ujifungue, mume wetu anashinda kazini, na wewe unashinda unatazama dari na hofu imekukaa kifuani. Umesema nisimwambie Mama, atalia. Na mwisho ukaandika, "Bibi, uje. Kama huwezi, niambie tu nijue." Na jibu ulilopewa ni neno moja la mashine. Ningekuwa mimi ningefunga mlango na dirisha pia. Kwa hiyo hasira yako naiona ni ya haki, sikunyang'anyi. Ila mwenye kuibeba ni baba yako.

Mama yako nimemwambia. Ulinikataza nami nimekukaidi, utanigombeza nikifika. Alilia kweli, kama ulivyosema, ndiyo hayo macho. Alipomaliza kulia akapiga pasi nguo zangu zote, mpaka ile ya kupikia. Alitaka aje yeye. Nimemwambia zamu yake ni mtoto akishazaliwa, na kwamba pale juu hapakuandikwa "Kwa Mama". Akanuna tena, lakini mnuno huu ni wa afya.

Baba yako sasa anaingia barazani kwa jina lake mwenyewe. Neno lake la siri nimemwamuru alishone kwa uzi ndani ya ukosi wa shati, asilisahau. Redio ameshalisoma alipokuwa anafua, kwa hiyo mtaa mzima unalo, lakini afadhali liibiwe la kwake kuliko langu. Yule fundi nilimwita pia. Nikamuuliza kama ipo namna kompyuta ikajua nani kasoma na nani kafungua tu akafumba macho. Akakuna kichwa. Akasema hiyo haijatengenezwa bado. Nikamwambia basi asiniambie tena kwamba zote zinajua.

Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Barua hii anakuletea jirani yetu muuguzi, anasafiri kesho kuja kazini huko kwenu. Bahasha nimeibandika mwenyewe. Ikifika imechanika, mkamate yeye.

Nami namfuata Alhamisi kwa basi la alfajiri. Mume wetu aje stendi. Ataniona tu, nitakuwa yule bibi anayegombana na kondakta kuhusu mizigo. Dawa siji nayo, daktari wako anatosha, na usiniulize mambo ya daktari. Nakuletea mikono. Nitapika, nitafua, nitakukanda mgongo kama daktari atakubali, na ukiogopa utaniamsha tuogope wawili, maana hofu ya mtu mmoja ni nzito lakini ya wawili huishia kwenye umbea. Hapo kitandani kwako utasogea. Mume wetu atatafuta pa kulala, yeye ni kijana.

Usijibu barua hii. Hata ule mlango wako wa barazani kama hutaki kuufungua, uache. Siji kwa kupitia huko.

Baba yako anakusalimu na anaomba radhi, amesema atakuja kukuomba mwenyewe kwa macho mawili. Mama yako anakusalimu sana, amebanwa na kazi lakini moyo wake uko huko. Shangazi yako Redio anakusalimu, na yeye ndiye wa kushukuriwa, leo nasema hivyo na sitarudia. Mjomba wako anakusalimu na anamngoja mgeni.

Mungu akulinde wewe na uliyembeba, akupe usingizi usio na mashaka, na siku ikitimia akufungue salama, mtoke wawili mkiwa wazima.

Na Alhamisi nikibisha hodi, usiinuke kunifungulia. Nitaingia mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinuna,
Bibi yako.