Filamu ya Mlangoni

12 Januari

Wifi yangu mwenye makelele,

Hujambo? Na hiyo miguu inayoshinda uwanjani na watoto wa watu, nayo haijambo? Mimi mzima, ila macho yamevimba kwa kompyuta. Mchana nahariri video za harusi za bosi, jioni nahariri filamu yetu.

Imekwisha. Dakika tisa. Mwalimu wa michezo anapata habari kwamba mama mkwe wake, aliyefariki jana yake, anaagwa mapema kuliko walivyopanga. Anatoka mbio kazini na suruali yake ya mazoezi, anafika nyumba ya ibada, na kamati ya mlangoni inamzuia. Mwenyekiti wa akina mama anamshika mkono, anamgeuza aende akabadilishe. Akirudi na gauni, jeneza limeshaondoka. Basi. Sikutia chumvi, maana yaliyokupata ni hayohayo, na marehemu ni mama yangu mzazi.

Umeigiza, wifi! Bosi alikuja kuchungulia akasahau kwamba alifuata kamera yake. Mwezi ujao itaonyeshwa kwenye ukumbi wa vijana hapa mjini, kisha itaingia mtandaoni, na huko kitu kikishaingia hakina mwenyewe. Kwa hiyo nauliza kwa mara ya mwisho. Uso ni wako, na mumeo ni katibu wa wazee wa ibada. Ni kaka yangu tumbo moja, ndiyo maana namjua. Niiachie?

Wifi yako mdogo

24 Januari

Kwako wifi,

Salamu zimefika, miguu imezipokea kwa niaba yangu. Huku wote wazima, watoto wanakula kama wanashindana. Kaka yako naye hajambo.

Iachie.

Mama nilimlisha kwa kijiko mwaka mzima. Nilimwogesha, nikamkata kucha, nikamsomea maandiko macho yake yalipochoka. Siku hizo hakuna aliyekuja kunipima urefu wa gauni. Siku ya kumuaga ndipo walipogundua kwamba nina miguu! Na kaka yako alikuwa ndani, mstari wa mbele. Alinitazama, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kifungo.

Usidhani nimegombana na Mungu. Naomba asubuhi na jioni, na mtandio wangu naupenda, nilijivika mwenyewe. Hilo ndilo hasa linaloniuma. Kitu ninachompa Mungu kwa mkono wangu, kwa nini mtu aninyang'anye, halafu ajifanye yeye ndiye anayempelekea?

Kaka yako nitamwambia mwenyewe. Ukinitangulia, nakuja huko kukunyoa hizo nywele.

Wifi yako mkubwa

9 Machi

Wifi mpendwa,

Hali yako? Leo siulizi kwa mazoea, nauliza kwa hofu.

Ukumbini watu walisimama kupiga makofi. Mama mmoja alinishika akalia begani kwangu, hata jina sikumuuliza. Nikarudi nyumbani nikielea. Kisha ikaingia kwenye simu za watu, na tangu hapo matusi ni kama mvua ya mawe. Wengine wanasema nimelipwa na maadui wa dini. Laiti! Kodi ya chumba ingekuwa imeshalipwa.

Yangu nayaweza. Lakini nasikia imefika huko. Kaka alipiga simu akasema, "Umeniuza mbele za watu," akakata. Simu yako hupokei. Naogopa umeingia matatani kwa ajili ya ndoto yangu. Niambie neno moja tu, niifute.

Wifi yako mdogo

17 Machi

Wifi,

Sisi wazima. Simu inapita mikononi mwa kila anayeingia hapa, ndiyo maana naandika.

Ole wako uifute. Ni yako peke yako, kwani?

Wazee wameniita. Wanataka siku ya ibada nisimame mbele ya wote, nimevaa gauni refu, niombe msamaha kwa kuidhalilisha nyumba ya Mungu. Kaka yako ananisihi. Jana alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Mke wangu, neno moja tu, yaishe."

Nikamwambia, "Siku ile mlangoni nilikungoja wewe useme neno moja."

Nitakwenda, wifi. Gauni nitavaa. Watakachokisikia ndicho sijawaambia.

Wifi yako mkubwa

14 Aprili

Wifi yangu,

Hii ni barua ya tatu, na mbili hukuzijibu. Kaka hapokei simu. Kazini nimekosea, nimemwekea bwana harusi wa watu bibi harusi wa mwingine, bosi nusura anifukuze. Utanicheka baadaye. Sasa niandikie, hata mstari mmoja. Uko salama?

Mdogo wako

2 Mei

Wifi,

Pole kwa kukuweka roho juu. Tuko salama, nianze na hilo. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, na hasira ilichelewa kuondoka.

Siku ile nilivaa gauni la buluu, refu kuliko walivyotaka, wasije wakasema shida ni nguo. Mzee mkuu akanipa kipaza sauti: "Sema, binti yetu, tusikie."

Nikasema, "Msamaha nimeshamwomba mama mkwe wangu, kwa kutomuaga. Ninyi sijawakosea."

Wakazima kipaza sauti. Wifi, mimi naita watoto uwanja mzima upepo ukivuma! Nikaendelea: "Aliyeninyima kumuaga mama ndiye aje mbele aombe. Mimi sina la kuongeza." Mzee akagonga meza. Nikatoka kwa mlango uleule, taratibu, sikukimbia.

Matokeo? Wamenitoa kwenye kikundi cha akina mama. Wengine sokoni wanageuza shingo wakiniona. Wasichana wawili wametolewa mazoezini, na hilo limeniuma kuliko yote. Ibada siachi. Kila wiki nakwenda, nakaa nyuma, wakitaka wanihesabu.

Kaka yako aliagizwa aandike barua ya kunitenga. Akaikalia. Siku moja akaniambia, "Niliona. Siku ile mlangoni niliona, nikaogopa." Sijamsamehe bado, nisikudanganye. Lakini aliwarudishia wazee funguo za ofisi, akawaambia watafute katibu mwingine.

Sasa sikia. Jumamosi niliionyesha sebuleni kwangu. Walikuja wanawake wa mtaa mzima, wenye mitandio na wenye vichwa wazi. Mmoja amejifunika hadi machoni, akaninong'oneza, "Mimi hivi nilivyo nimependa mwenyewe. Nimekuja kuona wasiopenda wanafanywaje." Kaka yako akawa anagawa chai.

Mara mwenyekiti wa akina mama akaingia, hakualikwa. Akakataa kiti. Tukaangalia. Ilipofika pale mlangoni, akapiga kelele:

"Uongo mtupu! Sikumshika mkono! Nilimshika bega!"

Sinia la kaka yako likaacha kulia. Yule aliyejifunika hadi machoni akauliza kwa upole, "Bega lipi, mama?"

Mwenyekiti akatazama mlango, akatutazama sisi. Kisha akavuta kile kiti alichokikataa, akaketi, akaangalia mpaka mwisho. Alipoondoka hakuaga.

Ile sehemu usiirekebishe. Anayetaka iwe bega, aje aigize mwenyewe.

Wifi yako mkubwa