Nyota Juu ya Bati la Anyelwisye

Jumatatu, 1 Julai 2024
Hakuna ukungu leo. Kutwa nzima mizanini wakulima wamenibishia – majani ya chai yamelowa chapachapa, wao wanasema umande tu! Usiku nimetoka migombani nyuma ya nyumba, nimeangalia juu mpaka shingo ikauma. Kifua kikafunguka. Majina ya nyota siyajui, kwa hiyo kila moja naipa jina la mwenye bati lililo chini yake. Ile ya magharibi: "Anyelwisye, imezama 3:48."

Alhamisi, 4 Julai
"Anyelwisye, 3:36." Kila siku inawahi dakika nne. Ajabu! Nimesimama nikicheka peke yangu.
Halafu tochi, kwenye migomba. Ikazimwa. Nimerudi ndani.
Daftari la nyota niliacha chini ya Biblia. Sasa liko juu yake. Nimemuuliza Felista, mpangaji mwenzangu, kama ameliona. Kajibu hajaligusa. Nani kasema kugusa?

Ijumaa, 5 Julai
Kwenye foleni mama mmoja kapaza sauti: "Karani, mchana unapima chai, usiku unampima nani?" Wamecheka wote. Anyelwisye, jirani yangu, hakucheka. Hata salamu yake ya kila asubuhi, "ugonile", leo sikuisikia.

Jumamosi, 6 Julai
Tumpe, binti wa Anyelwisye, miaka mitatu, amelazwa hospitali ya Tukuyu. Nimonia. Nimepeleka maziwa nyumbani kwao. Mama yake, Sekela, kapokea – kayaweka chini, nje ya mlango.
Jioni kaja mzee Jotham, mwenyekiti wa kitongoji. Namba anazijua! 3:48, 3:44, 3:40, 3:36. Kwa kichwa. Kaniuliza: "Binti yangu, kwa nini unampunguzia mwenzio dakika nne kila siku, na sasa mwanawe kalazwa?" Nimesema nyota zote ziko hivyo, mzee. "Zote? Kumbe tunaopunguziwa tuko wengi."
Kasema Jumanne mkutano wa kitongoji. Niende na daftari. Wakinikataa, kazi imekwisha na chumba pia. Nimefikiria kulichoma. Lakini daftari lililochomwa litasema nini?

Jumapili, 7 Julai
Kanisani benchi langu nimekaa peke yangu. Felista kakaa mbele, na Sekela. Usiku sikutoka.

Jumatatu, 8 Julai
Saa 3:05 mlango umegongwa. Anyelwisye. Nimeuliza: "Uko na nani?" Kasema: "Peke yangu." Sikuamini. "Karani, nionyeshe ya kwangu."
Nimetoka, mlango nimeuacha wazi. Nikamwonyesha. Nyeupe, inatetemeka juu ya bati lake. Halafu kauliza ikizama inakwenda wapi. Nimesema haiendi, ni sisi tunaozunguka.
"Hata mimi hapa nazunguka?"
"Hata wewe, baba."
"Na Tumpe, kule kitandani?"
"Na Tumpe."
Imezama 3:20. Kaomba nimwonyeshe nyingine. Nimemwonyesha ile nyekundu ya utosini, isiyo na bati la mtu chini yake. Pumzi yake imetulia, nimeisikia. Au alikuwa anapima maneno ya kesho?
Nimeingia kuandika haya. Yeye kabaki nje.
3:41. Nimechungulia dirishani. Kofia kaivua, kaishika kifuani, uso juu. Nyuma yake, njiani, zimewaka tochi mbili. Mtu kamwita kwa jina.
Hajageuka.