Kisanduku Juu ya Dari la Bafu

Tarehe 2 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumai barua inakukuta mzima na lifti zako zinapanda na kushuka bila matata. Mimi afya ipo, ila hamu ya kula imeniacha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hii alininunulia shemeji yako, siiamini tena. Yeye ameondoka tangu Novemba, masanduku nilimfungashia mwenyewe. Lakini nyumba bado inamtii. Kamera, spika ya sebuleni, balbu, hata kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa namba, vyote alivifunga yeye, na huko aliko anaviendesha kwa simu yake. Jumapili mchana nilikuwa nafuta vumbi, spika ikasema kwa sauti yake, taratibu kabisa: "Hilo gauni la njano linakupendeza."

Nilikwenda polisi. Wakaniuliza amevunja nini. Nikasema anachezea taa. Wakauliza kama imeharibika. Nikasema hapana, inawaka.

Nikichomoa vyote, sitajua nani yuko mlangoni. Nikiviacha, ananiona. Nifanye nini? Jibu kwa anwani ya duka la miwani ninakofanya kazi, siyo nyumbani.

Mdogo wako


Tarehe 15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba. Mimi ni chuma, mgongo tu ndio unaleta ujuaji. Barua yako niliisoma ndani ya shimo la lifti, ghorofa kumi na tisa juu ya kichwa changu, nikakaa chini. Mimi huyu, niliyening'inia kwenye kamba nchi tatu.

Sasa tulia, umemwandikia mtu mwenyewe. Shule ilinishinda darasa la saba, lakini mitambo ninayofungua mimi, wenye digrii huwa wanaitazama kwa mbali wakiwa wamefumbata mikono. Huyo Bwana Rimoti hana uchawi wowote. Vifaa vyake ni wambeya: kila wanachokiona wanakipeleka kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, na yeye anausoma umbea kwenye simu. Tunachotaka sisi ni nyumba yenye adabu. Ione, isikie, ikuambie wewe, basi.

Tafuta laptopu kuukuu, zile ambazo ofisi zinatupa, hata kioo kikiwa na ufa. Hiyo ndiyo itakuwa kisanduku chako, ubongo wa nyumba. Kuna mwenzangu anakuja huko likizo, atakuachia dukani visensa vinne vya kuhisi mlango au dirisha likifunguliwa, kamera mbili za waya, king'ora, na programu ya bure ndani ya flashi. Vyote mitumba, nimevipima kwa mikono yangu. Kisanduku kisionje intaneti hata tone. Kitasa cha namba king'oe, weka komeo la chuma. Komeo halina akaunti.

Ukimaliza nichoree nyumba nzima na kila kitu kilipo, nikukosoe.

Kaka yako, daktari wa lifti


Tarehe 20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi sijambo, afadhali kidogo.

Nimefanya. Wiki tatu, kila nikitoka dukani. Mikono iliyozoea skrubu za miwani haikupata shida na waya. Shida ilikuwa kupanda ngazi huku nikigeuka kutazama mlango. Vyake vyote nimeving'oa, nikavifunga kwenye gunia, nikamkabidhi fundi wa vyuma chakavu. Wakati naikata spika nilihisi itanisemesha.

Kisanduku kipo juu ya dari la bafu, mahali ambapo hata mimi napafikia kwa shida. Visensa vinne havikutosha, kwa hiyo dirisha dogo la stoo halina. Mchoro nimekuwekea humu.

Juzi mlango wa uani ulisukumwa na upepo, king'ora kikalia, nikajikuta nimekaa chini ya meza na mkasi mkononi. Nikacheka, kisha nikalia. Lakini jana nimeoga bila kufunika kioo cha bafu.

Mdogo wako


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na nimenenepa kwa fahari. Mchoro wako ni mzuri kuliko michoro ya mainjinia wanaonilipa. Na wazo la bafu! Hilo hata mimi lisingenijia, na unajua ninavyochukia kukiri. Hapa kazini hakuna asiyekujua sasa.

Kwa dirisha la stoo natafuta kisensa cha tano. Vumilia kidogo.

Kaka yako, kaka wa injinia


Tarehe 23 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mwandiko wangu ni mbaya, nisamehe.

Jumamosi asubuhi kengele ya mlango ililia. Kwenye kioo kidogo cha kamera nilichotundika sebuleni nikamwona yeye, amevaa shati la kazini, mikono mifukoni. Hakugusa kitu. Alijua ninamtazama, akainua uso kwenye kamera, akasema: "Kile kisanduku juu ya dari la bafu kitapata joto, usije ukaungua. Na lile dirisha la stoo, mbona umelisahau?"

Akaondoka kwa miguu, polepole, akimsalimia jirani.

Mchoro nilichora mmoja tu. Kaka, nani mwingine ameuona?

Mdogo wako


Tarehe 5 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo saa nne, nikapiga simu dukani palepale. Mwenye duka amesema hujaonekana tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nimempigia mara tatu. Jibu ni lilelile.

Ni mimi. Mchoro niliupiga picha nikautuma kwenye kundi letu la mafundi, watu mia mbili na kumi na nne, kutoka kote. Nikaandika, tazameni alichojenga mdogo wangu kwa mitumba. Wakanisifu siku mbili, na kila sifa nikaijibu. Mmoja akauliza hicho kisanduku kimekaa wapi hasa. Nikamweleza, kwa urefu, maana wazo lilikuwa zuri. Nimerudi kumtafuta. Namba haina jina, na picha yake ni ya lifti, kama za sisi wote.

Nilikufundisha kuziba kila tundu, mdomo wangu nikauacha wazi.

Ukiisoma hii, hama. Hama mchana, watu wakiwa wengi barabarani. Na uendako usiniambie. Najua utataka kuniambia, kwa sababu ni mimi. Usiniambie. Nitumie bahasha yenye karatasi tupu, anwani yangu uiandike mwenyewe, nijue mkono wako unaandika.

Kaka yako


Tarehe 11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua yako mwenye duka alinifikishia; nilimwomba asimwambie mtu niliko, hata wewe. Wiki moja kabla hujaniambia nihame, nilikuwa nimeshahama, na hata stempu niliogopa kwenda kununua.

Nilikukasirikia sana. Nilikuwa nakugombeza kwa sauti huku navuta waya kwenye nyumba mpya, na nikifika pagumu nakuuliza wewe huyohuyo nishike ipi. Nitaendelea kukuuliza hivyo, maana anwani ya kukupa sina.

Safari hii sikuchora. Kisanduku kinaandika kila mara mlango unapofunguliwa, saa na dakika. Jioni nasoma orodha nikiwa nimesimama, nalinganisha na siku yangu. Wiki hii umefunguliwa mara kumi na mbili. Nimehesabu, nikahesabu tena. Zote ni mimi.

Mdogo wako