Koti la Baba Jukwaani

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, wiki ya tatu tangu bendera mpya ipande.

Mpendwa mdogo wangu,

Hilo la "mpendwa" nimeliandika kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, usivimbe kichwa. U hali gani? Naona baridi ya huko ng'ambo masomoni imekuachia vidole vya kuandikia, maana mchezo wako wa kuigiza umefika, umechezwa, na umetuvua nguo mchana kweupe. Sisi ni wazima wa mwili. Ya moyoni usiulize.

Nianze na kosa langu, usije ukasema nimelificha. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wa kikundi cha maigizo, barua yako mkononi. Walitaka koti la tarishi wa serikali ya wakoloni, lile la khaki lenye vifungo vya shaba, kwa mchezo wa sherehe za uhuru. Uliwaandikia waje kwa dada yako fundi, hatawaangusha. Kushona jipya sikuweza, nilikuwa na bendera sitini za kumaliza. Nikafungua sanduku, nikawapa koti la zamani la utarishi wa Baba, lenye kiraka nilichokitia mwenyewe kwenye kiwiko cha kushoto. Nilidhani unataka kumpa mzazi heshima. Mjinga mimi!

Baba alikaa safu ya mbele, mimi ubavuni mwake, kanyoa ndevu, kavaa shati jeupe. Ukumbi ule zamani ulikuwa wa Wazungu watupu. Aliwahi kuupiga deki, viti vyake hakuwahi kuvikalia.

Pazia likafunguka, akatoka mtu ndani ya koti lake. Umempa jina Ndiyobwana. Anapiga magoti, anamfuta mkubwa viatu kwa kofia yake mwenyewe, "Ndiyo bwana, asante bwana," na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Baba alikitazama kile kiraka. Kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Sasa sikia faida ya sanaa yako. Pale ofisini wanapitia majina ya matarishi watakaobaki. Karani mkuu mpya, kijana wa juzijuzi tu, humwita Baba mbele za watu, "We Ndiyobwana, lete faili!" Alhamisi wakamwambia akapumzike nyumbani, wakimhitaji watamwita. Miaka ishirini na sita ya kazi, na sasa hata dukani hataki kwenda kwa sababu ya watoto wa mtaani. Mwezi ujao kikundi kinauzungusha mchezo mji kwa mji. Akishachekwa kila mji, nani atamrudisha kazini?

Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakusomeshwa na mtu.

Najua ulikoitoa picha ile. Ulikuwa na miaka tisa, ukachungulia dirisha la ofisi, ukamwona Baba kapiga magoti. Ulichokiona ni magoti tu. Mimi nilikuwa mle ndani, nimempelekea chakula. Asubuhi ile wewe, msanii mkubwa, ulikuwa umechora kwa mkaa kwenye ukuta wa ofisi: yule Mzungu mkubwa wa ofisi, tumbo kama pipa, suruali imemvuka. Akaapa kwamba mtoto aliyechora atafukuzwa shule na hatapokelewa nyingine. Baba akasema, "Nimechora mimi, bwana." Mtu mzima wa miaka arobaini! Makarani walijua si yeye. Mkubwa naye alijua, ila akaona amepata burudani iliyo bora zaidi. Ndipo akamwamuru apige magoti, afute viatu kwa kofia mbele ya wote. Akafuta. Jumatatu ukaenda shule.

Baba alinikataza nisikuambie, nami nikanyamaza miaka kumi na mitano. Leo nimechoka kutii.

Basi shika kalamu, si ndiyo kazi yako? Waandikie kikundi wausimamishe mchezo, au uandike upya na ule ukuta uwemo. Iandikie na ofisi. Mimi usinitumie maneno matamu, sina pa kuyaweka.

Mama mdogo anakusalimu, yeye ana huruma kuliko mimi. Shemeji yako seremala anasema ukirudi usipite karakanani kwake mpaka nyundo ziwe zimefichwa.

Baba hakutuma salamu. Tulipotoka ukumbini alitembea hadi mlangoni kwetu, halafu akaniuliza jambo moja tu. Mle ukumbini alikuwa safu ya mbele, hakugeuka nyuma hata mara moja. "Kule nyuma watu walijaa?" Nikamjibu walijaa, wengine walisimama. Akasema, "Hapo sawa. Masomo ya mtoto hayakupotea bure."

Mungu akulinde, na kwa hilo la Baba akunyime usingizi.

Dada yako, akupendaye kwa shida.