Nilivyonakili CD za Bi Mwanaidi

Jumapili, Kilosa. Joto la wiki nzima limevunjwa mchana huu na mvua ya nusu saa, na sasa kuna ubaridi mzuri ambao nahisi siustahili. Nyumba iko kimya. Mama hayupo. Nimekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, naandika kwa simu.

Kuna jambo nimelifanya, na sitaki kulisimulia nusu nusu.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Kiswahili shule za huko milimani kwa miaka mingi, na tangu nipate akili sijawahi kumwona akimaliza siku bila kusoma. Kisha presha ya macho ikamwanza jicho la kushoto, ikahamia la kulia. Sasa anaona mwanga wa mlango tu. Alipohamia kwangu alikuja na sanduku la vitabu. Kila Jumamosi anavitoa, anavifuta vumbi kwa kitambaa na kuvirudisha. Anavijua kwa unene.

Mwaka huu nikasikia habari za Bi Mwanaidi wa Mikumi. Marehemu mumewe, Mwalimu Shabani, alikuwa na dada asiyeona. Kwa ajili ya dada huyo alisoma vitabu kwa sauti, akavirekodi, akavichoma kwenye CD. Dada akafariki, mwalimu naye akafuata. Bi Mwanaidi akabaki na kabati zima la CD, akaanza kuwaazima watu wasioona. Anaandika jina lako kwenye daftari, anakupa kitabu kimoja, unarudisha baada ya wiki mbili. Na sharti moja zaidi: usinakili.

Aliniambia ana kwa ana, ameshika pakiti mkononi bado hajaniachia. "Hii ni sauti ya mtu wangu, mwanangu. Iende, irudi."

Nikasema, "Sawa, mama. Itarudi."

Kilikuwa kitabu cha mkunga mmoja anayeishi kando ya reli, CD kumi na moja. Sijui nieleze vipi jinsi mama alivyokipokea. Alikuwa akisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, na mara nyingine akiwajibu watu wa kitabuni. Siku moja niko jikoni nikamsikia anapiga kelele, "Usimfungulie huyo, wewe mwanamke!" Nikacheka mpaka nikaunguza vitunguu.

Lakini deki yetu ya kuchezea CD imezeeka. CD ya tano ilianza kukwama, sentensi inakatika, inaruka, inarudi. Na mama anapenda kurudia sehemu alizozipenda, kwa hiyo siku zilikuwa zinaisha akiwa hata nusu hajafika. Nikaona ameanza kusikiliza kwa wasiwasi, kama mtu anayekula huku anaangalia gari lisimwache. Huruma ikanishika.

Huruma, ndiyo. Na uvivu pia. Ningeweza kupiga simu Mikumi nikaomba wiki moja zaidi. Sikupiga.

Mimi ni karani wa masijala. Ofisini kwetu kuna kompyuta moja ya mezani, kongwe, ambayo bado ina mlango wa CD. Siku tatu mfululizo wenzangu walipokwenda kula mchana, mimi nilibaki. Nikafungua folda, nikaipa jina la mama, nikawa naingiza CD moja baada ya nyingine huku nikitazama mlangoni. Nilijiambia ni maktaba ndogo ya mama, haimdhuru mtu. Kama haikuwa inamdhuru mtu, nilikuwa natazama mlangoni kwa nini?

Nilihamishia kwenye flashi, flashi nikaichomeka kwenye redio yake ndogo. CD nikazirudisha Mikumi siku ile ile niliyoahidi. Bi Mwanaidi alinisifu kwa uaminifu. Nikatabasamu.

Mama aligundua papo hapo kwamba hadithi haikwami tena.

"Umefanyaje?"

"Nimenakili, mama."

"Mwenyewe ameruhusu?"

Lazima niseme kitu hapa. Huyu ndiye mwanamke aliyenipa sifuri mimi, mtoto wake wa kumzaa, darasa la sita, kwa kuchungulia daftari la jirani yangu. Akaisoma sifuri hiyo mbele ya darasa.

Nikajibu, "Ndiyo. Ameruhusu."

Baada ya wiki chache alikuja binamu yangu Eliza kumsalimia mama. Eliza anauza nguo za mitumba siku za gulio huko Ulaya, si ya Wazungu bali kijiji chetu cha njia ya Mikumi. Akaisikiliza hadithi, akaipenda, akaomba. Mama, ambaye maishani mwake hajawahi kumnyima mtu kitabu, akamwambia aingize tu kwenye simu yake, mwenyewe hana neno. Mimi nilikuwa kazini. Niliporudi mama alinieleza kwa furaha, na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo ningeweza kulizuia. Kumpigia Eliza ni dakika moja.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, simu yangu iliita. Bi Mwanaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniuliza habari za nyumbani. "Jana nilikwenda Ulaya kununua mchele. Nimemsikia mume wangu sokoni."

Nikafunga faili lililokuwa wazi mezani kwangu.

"Anasema, njoo ndani, mbona unalowa. Vile vile alivyokuwa akiniambia mimi." Akavuta pumzi. "Niliitika, binti. Niliitika kwa sauti, mbele za watu. Nikageuka, nikakuta simu imewekwa juu ya rundo la suruali."

Ni maneno ya kitabuni yale. Mume wa mkunga ndiye anayeyasema. Lakini sauti ilikuwa ya Mwalimu Shabani.

"Aliyekuwa akiuza suruali nilimuuliza kaipata wapi. Akakutaja wewe."

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya jengo la ofisi.

Jioni nilimwambia mama. Nilimwambia yote, na nilisema haraka haraka ili nisipate nafasi ya kupunguza. Alizima redio. Alitafuta mezani kwa vidole, akaichomoa flashi, akaifunika kiganjani.

"Kwa hiyo kitu cha wizi nimekigawa mimi," alisema.

"Mama, kosa ni langu."

"Nimesikia. Jumamosi tunakwenda wote."

Jana asubuhi tukapanda gari la Mikumi. Mama alivaa gauni lake la kwenda kanisani. Njia nzima hakunisemesha, ila kuniuliza tumefika wapi.

Bi Mwanaidi alikuwa anatusubiri barazani. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, nilikuwa nayatamani hata. Badala yake aliteremka ngazi, akamshika mama mkono, akasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kukuomba radhi. Huyu alinakili, mimi niligawa. Nilidhani umeruhusu, lakini nilipaswa kukuuliza mwenyewe."

Tulikaa kwenye mkeka, mama akamkabidhi ile flashi. Nikaomba radhi yangu, ya maneno machache, kwa sababu mengi niliyoyapanga njiani yalikuwa ya kujitetea. Nikaeleza pia kwamba bado kuna nakala kwenye kompyuta ya ofisini, jambo ambalo hata mama hakulijua. Nikaona mama anageuza uso.

Bi Mwanaidi alizungumza akiwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisema tangu siku ya mazishi hajawahi kusikiliza hata CD moja. "Mnadhani naziazima kwa wema wangu. Sehemu ni wema. Sehemu nyingine ni kwamba siwezi kukaa nazo zote humu ndani." Alisema kilichomuuma si kuisikia sauti tu. Ni kwamba mumewe alikuwa anasema, na watu wanabishana kuhusu suruali, hakuna anayemsikiliza.

"Mimi nilimsikiliza," mama akasema.

Ungo ukasimama.

"Nilimsikiliza kila neno. Akikaribia mahali pa huzuni anapunguza mwendo kabla hajafika, kama mtu aliyeona shimo njiani. Ana kikombe pembeni, anakunywa kitu kila akimaliza sura. Na katikati ya CD ya nane mvua inapiga bati, anasema, 'Dada, nisubiri kidogo, mvua hii inashindana nami.' Halafu kuna mtu anacheka kwa mbali."

Bi Mwanaidi aliweka ungo chini.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naanua nguo."

Akalia. Mama akapapasa mpaka akalipata bega lake, akauacha mkono wake hapo. Mimi niliwatazama kuku waliokuwa wanadonoa punje zilizodondoka.

Baadaye, chai ikiwa imeshaletwa, Bi Mwanaidi aliniambia bila ukali, "Wewe siwezi kukuamini leo. Labda nitakuja kukuzoea tena, sijui. Nenda kwa yule binamu yako afute. Hiyo ya ofisini futa kesho kutwa ukiingia tu, mama yako atakupigia akuulize."

"Sawa, mama."

"Na huyu dada niachie hapa mpaka Jumanne. Deki ninayo. Nataka kusikia hiyo CD ya nane, na peke yangu sitaweza."

Mama hakuuliza kama nimekubali. Alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

Kwa hiyo nilirudi peke yangu. Nilishuka Ulaya, nikamkuta Eliza nyumbani kwao. Masikini, alifuta mbele yangu huku analia, anasema yeye aliambiwa ni ruhusa, na ni kweli aliambiwa. Lakini alikuwa ameshawatumia wanawake wawili. Mmoja tulimfuata kwake, akafuta. Mwingine yuko shambani Tindiga na simu yake haipatikani. Nimempigia leo mara sita. Huenda nikampata, huenda naye ameshampa mwingine. Nililoanzisha kwa dakika chache za mapumziko ya mchana sina tena uwezo wa kulimaliza, na nitalazimika kumwambia Bi Mwanaidi hivyo hivyo lilivyo.

Bado siamini kwamba kumtakia mama hadithi isiyokwama lilikuwa jambo baya. Ningekuwa namdanganya nani nikisema najutia furaha yake? Ninachojutia ni kwamba kulikuwa na mtu wa kumuuliza, ana simu, ana masikio, na mimi nikaamua kumjibia.

Jana wakati naaga, mama alinisindikiza hadi mwisho wa baraza, ameshika ukuta. Nikadhani anataka kunipa maagizo ya dawa zake za macho. Akaniinamia sikioni.

"La CD tumelizungumza," alisema. "La wewe kuniambia ndiyo wakati ni hapana, hilo bado hatujalianza."

Nikasema, "Najua, mama."

Siku mbili hizi nimekuwa nikisubiri hasira yake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Leo, katika ukimya huu, nimeona kwamba ninachoogopa hasa si hasira. Mama haoni. Barua zake namsomea mimi. Kibandiko cha dawa namsomea mimi. Rangi ya nguo aliyoivaa, sura ya mtu aliyeingia mlangoni, kiasi cha mwanga uliobaki nje, vyote anavipata kwa kinywa changu. Na sasa kila nitakapomwambia kitu, itabidi kwanza ajiulize.

Hilo halifutiki kwa kubonyeza kitufe.

Jumanne nitakwenda kumchukua. Kutoka Mikumi mpaka hapa tutakaa kiti kimoja, bega kwa bega, na njia ni ndefu. Sitamsubiri aanze yeye. Gari likiondoka tu, nitaanza mimi.