Pikipiki Isiyotoa Moshi

Ihanda, Mbozi
Oktoba, 2009

Kwa kaka yangu mpendwa Danieli,

Salamu nyingi zikufikie hapo Dar es Salaam, wewe na shemeji Ketrina na watoto. Sijui kama joto la huko limepungua au bado mnalala mmeelekezewa feni kama mahindi yanayokaushwa. Sisi huku tu wazima, ukiacha bega langu la kushoto ambalo limefungwa kitambaa na linauma kila nikicheka. Wewe unanijua, kwa hiyo linauma kutwa nzima. Mke wangu Tumpe na watoto hawajambo. Baba naye hajambo, ila huo uhajambo wake una maelezo, utayakuta mbele.

Ujumbe wako wa simu nimeupata. Umesema nimeua chombo cha mzee, sina akili tangu siku nilipotoroka darasa la sita, na kwamba hukusikia kwa majirani bali baba mwenyewe ndiye aliyekupigia, na baba hasemi uongo. Kaka, ningekujibu kwa simu, lakini hakuna vocha ya kutosha majibu niliyo nayo, tena mtandao wa hapa hadi upande kichuguu. Nimechana karatasi kwenye daftari la mwanangu Tusekile. Mwandiko uuvumilie. Mtu aliyefika Ndola na Lubumbashi juu ya shehena za saruji, akabishana na askari wa mpakani Nakonde kwa Kibemba mpaka wakamkaribisha chai, hakupata nafasi ya kujifunza kupamba herufi.

Wewe hujawahi kuyaona mashindano yetu, maana yalianza ulipokwisha kuondoka. Kila mwaka kahawa ikishauzwa tunakutana uwanja wa shule na vyuma vya wazee: zile pikipiki za porini ambazo serikali na misheni waliwagawia mabwana shamba, makatekista na waganga wa zahanati wakati sisi tunanyonya. Pikipiki mpya za Kichina haziruhusiwi, hata ulie. Hatuna wataalamu. Kuna fundi seremala, kuna wakulima, kuna Habibu muuza spea wa Tunduma, na kuna mimi, ambaye bila kujisifu ndiye mwendeshaji pekee mwenye adabu kwenye kona. Mshindi anapewa mbuzi, na mbuzi huyo tunamla wote siku hiyohiyo.

Sheria yetu kubwa ni moja. Mzee aliyeiendesha pikipiki enzi zake ndiye anayemimina mafuta, mbele ya watu, kisha analipiga tangi kofi moja. Akishapiga, hakuna mkono wa mtu unaofungua kizibo mpaka mbio ziishe. Tuliiweka kwa sababu watu wa mpakani walikuwa wanatia vitu vya ajabu kwenye matangi. Lakini siku hizi imekuwa ndiyo sherehe yenyewe. Wazee wanakuja wamepiga pasi.

Yamaha ya baba unaikumbuka. Wewe ulikaa juu ya tangi kama mfalme, mimi nyuma kwenye keria na mkasi wa kupogolea kahawa ukinichoma mgongo. Unakumbuka pia kwamba pampu yake ya oili ilikufa tukiwa wadogo, na tangu hapo baba alichanganya kwa mkono: petroli ndani ya dumu, oili kwa kile kikombe cha bati, anatikisa, anamimina. Ile mashine inakunywa vitu viwili. Ukiipa petroli tupu itakwenda vizuri sana, tena nyepesi, halafu pistoni itang'ang'ania ndani ya silinda na habari imekwisha. Vijana wa leo hawalijui jambo hilo. Sisi tulilijua kabla ya kujua kuhesabu. Mama alikuwa anausikia ule moshi wa bluu kutoka bondeni anaweka maji ya ugali.

Mwaka huu niliifufua. Ringi nilipata kwa Habibu, kebo nilivuka nazo kutoka Nakonde nimezivaa kiunoni kama shanga. Sikuwa nataka mbuzi. Baba alikuwa amekaa ndani tangu mvua, haendi kanisani, haendi kilabuni, na watu walikuwa wameanza kumsemesha kama mtoto, eti Bwana Shamba umekula, Bwana Shamba unanijua mimi nani. Nilitaka siku moja tu asimame mbele yao awe yeye ndiye anayejua na wao wasikilize. Siku ilipowaka uani, baba alitoka, akafunga vifungo vya shati, akaniuliza nani kaweka kabureta yangu hivi. Niligeukia ukutani, kaka, nikajifanya natafuta spana.

Basi siku yenyewe, vumbi jekundu, watu hadi juu ya paa la mashine ya kumenyea kahawa. Habibu akaja na Honda lake alilonunua misheni, akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote kama ile ya kwangu naiendesha au naisindikiza makaburini. Nikamwambia hata ikiwa ni mazishi, yeye atakuwa nyuma amebeba shada. Wanawake wakapiga vigelegele. Tumpe peke yake hakucheka. Aliniambia polepole, baba Tusekile, mwangalie mzee kwa makini leo.

Mzee Efraimu, yule katekista, alikuwa ameshika kipaza sauti. Akamwita baba. Baba akaja na koti lake la kazi, akashika dumu, na badala ya kumimina akaanza kuwahutubia jinsi ya kukata matawi ya kahawa. Aliwataja kwa majina watu ambao baba zao ndio aliowafundisha. Uwanja mzima ulinyamaza. Hata Habibu alivua kofia. Alipomaliza, alimimina, akapiga tangi kofi, na makofi waliyompigia hujawahi kupigiwa wewe na digrii yako.

Tukaondoka. Pikipiki ilikwenda kama imepakwa siagi. Kila nilipopita watu walishangilia kwamba Wiliam ni fundi, tazama, haitoi moshi hata kidogo! Mzunguko wa kwanza nilimwacha seremala. Wa pili nilimpita Habibu penye kivuko, na maneno niliyomwambia siwezi kuyaandika kwenye daftari la mtoto. Wa tatu, nikiwa mbele peke yangu kwenye mteremko wa shule, tairi la nyuma likajifunga lenyewe, nikaruka juu ya usukani nikaangukia mtaroni. Mfupa wa mtulinga ukakatika. Habibu ndiye aliyesimama, akatupa Honda lake pembeni, akaniinua na kunipeleka zahanati huku ananitukana na kulia. Mbuzi kachukua seremala.

Hiyo ndiyo hadithi wanayoijua hapa Ihanda. Wanasema majivuno yangu yaliua mashine ya baba, kwamba niliikamua kama ng'ombe wa kukopa. Nami nimewaacha waseme, tena nimewasaidia kusema. Sasa nakuambia wewe peke yako, na ukishasoma uchane.

Baba hakutia oili. Nilikuwa nimesimama karibu yake nimeshika usukani, na kopo la oili lilikuwa miguuni pake na utepe wake haujakatwa. Kikombe cha bati alikuwa nacho mfukoni mwa koti, kikavu. Alipokuwa anahutubia habari za kahawa, lile jambo lilimtoka kichwani, yeye aliyelifanya maisha yake yote. Kofi lilikuwa limeshapigwa. Ningesema baba umesahau, angesikia Efraimu, na kipaza sauti kingesikia, na watu walewale waliokuwa wamenyamaza wangeanza kumwonea huruma. Nikalisukuma kopo kwa mguu likaingia chini ya benchi, nikapanda.

Usinifikirie malaika. Nilipanga nizunguke mara moja, nijishike tumbo, nitoke. Bega zima, mashine nzima, kila mtu kwao. Lakini nilipofika kwenye kona ya kwanza baba alikuwa amesogea hadi kwenye kamba, anapunga kofia, uso wake kama wa zamani, anapiga kelele. Alikuwa anaita Danieli. Songa Danieli! Mwanangu Danieli! Mzunguko wa pili vilevile. Mimi ninayemwogesha, ninayemkatia kucha, ninayemtafuta barabarani akitoka na kandambili moja, nilipita mbele yake mara mbili na jina langu hakuliita.

Nikasema sawa. Kama anayemwona ni Danieli, basi amwone Danieli anashinda. Nikavuta mafuta mpaka mwisho.

Kwa hiyo ni kweli baba alikupigia, na ni kweli hasemi uongo. Yeye anavyokumbuka, Danieli alikuwa anaongoza vizuri, kisha Wiliam akaja akaharibu pikipiki. Kila asubuhi anamweleza Tumpe. Kwenye simu anakuwa mzima kwa dakika chache, ndiyo maana nikikuambia anaumwa unasema nataka hela. Sitaki hela, kaka. Nataka uje ukae naye uani ukiwa na sura yako mwenyewe, angali na jina la kuiwekea. Langu bado analitaja, ila sura yake imeshamtoka.

Pikipiki nimeiegemeza stooni kwenye magunia. Baba anaifuta vumbi, anasema isiguswe, Danieli anakuja kuichanganyia oili.

Msalimie shemeji na watoto, waambie baba yao mdogo ana bega la chuma sasa. Mzee Efraimu anakusalimu. Habibu naye anakusalimu ingawa hamjuani, anasema ujue wewe ni ndugu wa mtu gani. Tumpe anasema ukija njoo na sweta, huku kuna baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Wiliam,
ambaye hapa nyumbani, siku baba akiamka vizuri, anaitwa Danieli.